Kabla hujauza mbuzi kumnunulia mtoto kitabu cha R

Leo naweka pembeni viwavijeshi vamizi na bei ya mbolea. Kuna swali ambalo tangu vyuo vifunguliwe limenifikia mara nyingi kuliko hayo, na linagusa mifuko yenu moja kwa moja.

Swali lenyewe ni hili. Mtoto yuko chuo, pale SUA Morogoro au kwingine, anasoma kilimo, mifugo, misitu au maji. Amepiga simu nyumbani akasema wameambiwa wajifunze R na yeye anahitaji kitabu. Mzazi hajui R ni kitu gani. Mtoto naye hawezi kueleza, maana ndiyo kwanza ameisikia. Kitabu alichotajiwa bei yake inapita laki moja, na kinaagizwa kutoka nje. Mzazi anageuza macho kutazama zizini. Mzee mmoja wa Vunta aliniuliza akiwa amekunja uso: "Bwana shamba, herufi moja tu ndiyo inataka mbuzi mzima?"

Maoni yangu nayatoa mapema, ili mwenye haraka ya kwenda shamba aondoke nayo. Usiuze mbuzi kwanza. Kitabu cha kuanzia kichaguliwe kwa kipimo kimoja: je, ndani ya wiki ya kwanza kinamfikisha mtoto mahali anapoingiza namba zake mwenyewe na kupata jibu la swali alilokuwa nalo kabla hajakifungua? Kama hakimfikishi hapo, basi hata kiwe kimeandikwa na bingwa wa dunia, si cha kuanzia. Na vinavyomfikisha hapo vipo, kimojawapo kizuri kabisa kinasomwa bure.

Sasa tueleweshane. R ni lugha ya kuiagiza kompyuta ifanye hesabu za takwimu na kuchora grafu. Unaandika agizo, kompyuta inatekeleza. Wengi wenu mnaijua Excel, au mmemwona karani wa ushirika akiitumia. Kwenye Excel unabonyeza hapa na pale kwa mkono, na mwakani ukitaka kurudia unaanza kubonyeza upya, huku umesahau ulianzia wapi. Kwenye R maagizo yanabaki yameandikwa kwenye faili, kama fundi anavyobaki na ramani ya nyumba. Ukileta namba mpya unaendesha maagizo yale yale. Mtu mwingine naye anaweza kuyasoma akaona ulipokosea.

Chukua jambo linalotuuma watu wa Same kuliko yote, yaani mvua. Huku chini Makanya, Hedaru na Ruvu kila mtu ana lake la kusema kuhusu vuli. Wazee wanasema imesogea, vijana wanasema imepungua, wengine wanasema ni ile ile ila miti imekwisha. Kujua nani yuko karibu na ukweli kunahitaji kupitia vipimo vya mvua vya kila siku, vinavyosomwa saa 3 asubuhi, kwa miaka mingi. Miaka 30 peke yake ni siku zaidi ya 10,900.

Halafu kuna kuamua mvua "imeanza" lini. Wataalamu wa hali ya hewa hutumia kanuni ya namna hii: ni siku ya kwanza, tangu tarehe fulani, ambapo mvua ya siku tatu mfululizo imefikia milimita 20, na ndani ya siku 30 zinazofuata hapatokei ukame wa siku 10 au zaidi. Ile sehemu ya pili ya kanuni ndiyo inayotofautisha mvua ya kupandia na mvua ya kudanganya, ile inayokufanya umwage mbegu kisha jua likaimalizia ardhini. Mtu mwenye kalamu na daftari akitaka kuipitisha kanuni hiyo kwenye siku 10,900 atamaliza msimu mzima. Kwa R ni maagizo machache, na kompyuta inamaliza kabla chai haijapoa.

Hesabu za namna hiyo ndizo zilizo nyuma ya mafunzo yanayoitwa PICSA, yaliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Reading huko Uingereza, ambayo hapa kwetu yalijaribiwa Kiteto na Longido. Mkulima anaoneshwa grafu za mvua za miaka mingi za kituo kilicho karibu naye, halafu anaamua mwenyewe apande nini na lini. Grafu zile hazichorwi kwa rula. Kuna mtu aliyekaa chini akaandika maagizo, na ningependa siku moja mtu huyo awe ametoka Gonja au Chome.

Hapa ndipo ninaposema jambo hili si la watoto wa chuo peke yao. Miaka ya 2000 bonde la Makanya lilikuwa na watafiti, wa SUA na wa vyuo vya nje, waliopima mvua, maji ya ndiva na mavuno ya mahindi kule Bangalala na Mwembe. Tasnifu ziliandikwa. Nenda leo Bangalala uulize ni wangapi wamewahi kuona grafu moja ya shamba lao. Na tangu msimu wa 2022/2023 tunawasajili kidijitali kwa ajili ya ruzuku ya mbolea, ekari zenu na mazao yenu. Namba zinatoka kijijini kila mwaka, na kijijini hapahapa hatuna watu wa kutosha wanaoweza kuzisoma na kuuliza, "hii mmeipataje?" Mtoto aliyekata tamaa na R kwa sababu ya kitabu kibaya ni hasara kubwa kuliko ile laki moja.

Na wengi wanakata tamaa. Si kwamba hawana akili. Wamepewa mbegu ya ukanda mwingine. Mbegu ya mahindi ya muda mrefu inayotoa mavuno mazuri milimani ukiipeleka Hedaru itakufia, na mbegu haina kosa. Vitabu ni hivyo hivyo, kwa hiyo nitavitaja vichache kwa majina.

Kinachotajwa sana ni The R Book cha Michael Crawley, mwanaikolojia wa Imperial College London, kilichotoka mara ya kwanza 2007. Kina kurasa zaidi ya 900. Nakiheshimu, kina karibu kila hesabu unayoweza kuulizwa na mwalimu. Lakini ni kitabu cha rejea, kama kamusi. Hakuna mtoto aliyejifunza Kiswahili kwa kusoma kamusi kuanzia A. Kikae maktaba, na mtoto akifike mwaka wa tatu akiwa na tatizo mahususi. Hiki ndicho hasa kinachouzisha watu mbuzi, kwa sababu unene wake unampa mzazi moyo kwamba fedha yake imepata uzito.

Kingine ni The Art of R Programming cha Norman Matloff, cha 2011. Kizuri, lakini kwa mtu ambaye tayari anajua kuandika programu kwa lugha nyingine. Kinaanza na namna lugha inavyopanga vitu ndani yake, kurasa nyingi, kabla hujaona namba inayofanana na gunia la mpunga. Kwa mtoto aliyetoka shule ya kata akashika kompyuta mara ya kwanza chuoni, hapana.

Kuna Hands-On Programming with R cha Garrett Grolemund, cha 2014, ambacho kinasomwa bure mtandaoni. Hiki kinafundisha kwa upole na ninakipenda, ila mzazi asishtuke akichungulia: mifano yake ni dadu, karata na mashine ya kamari. Si kwamba chuo kinamharibu mtoto! Mwandishi ametumia michezo ya bahati kwa sababu takwimu inahusu bahati. Kasoro yake kwangu ni nyingine. Mtoto anamaliza kitabu anajua kuiga mashine ya kamari, lakini daftari la maziwa la mama yake bado liko kabatini.

Sasa vile viwili ninavyovisimamia.

Kwa anayelazimika kununua kitabu cha karatasi, labda kwa kuwa mtandao kwao ni wa kupanda juu ya jiwe, ninashauri Getting Started with R cha Andrew Beckerman na Owen Petchey. Kilitoka 2012 kwa ajili ya wanabaiolojia, na toleo la pili la 2017 waliongeza mwandishi wa tatu, Dylan Childs. Ni chembamba. Kinaanza pale mkulima anapoanzia: namna ya kuandika namba zako kwenye jedwali, kila safu na jina lake, kila mstari na kipimo kimoja, kisha kuziingiza kwenye R. Halafu kinashikilia kanuni moja ambayo natamani ningeibandika kwenye mlango wa kila ofisi ya kata: chora grafu kwanza, uitazame, ndipo ufanye hesabu. Mmoja wa mifano ya toleo la pili ni mavuno ya miti ya matunda, iliyo kwenye sehemu ambazo ng'ombe wanachungia na ambazo hawachungii. Mtu wa Upare hahitaji kuelezwa mfano huo mara mbili.

Kwa mwenye kupata mtandao hata mara moja kwa wiki, R for Data Science cha Hadley Wickham na Garrett Grolemund. Toleo la kwanza lilitoka mwanzoni mwa 2017, la pili 2023, ambalo limeongezewa mwandishi Mine Çetinkaya-Rundel. Kitabu chote kimewekwa mtandaoni na waandishi wenyewe, bure, kwa halali. Kinaanza na kuchora grafu tangu sura ya kwanza, kabla ya nadharia. Kasoro yake ni kwamba ni cha watu wa mbali: utakutana na pengwini wa Antaktika, bei za almasi na ndege zinazoruka kutoka New York. Nimeshamwambia kijana mmoja wa Mpinji, soma ukurasa wa pengwini asubuhi, mchana ondoa pengwini weka mbuzi. Uzito ni uzito, na jinsia ni jinsia. Kama hawezi kufanya hiyo badala, bado hajaelewa ukurasa ule, na asiende mbele.

Kuna pia mwongozo unaokuja na R yenyewe, An Introduction to R, bure. Ni mkavu kama Makanya mwezi wa tisa. Ubaki wa kuangalizia.

Mtaniuliza, mbona unasisitiza namba zake mwenyewe? Nitawaonesha kwa mfano ulio ndani ya R, ambao unakuja nayo ukishaisimika. Fungua R, andika neno chickwts, bonyeza Enter. Unakuja uzito wa vifaranga 71, kila mmoja na chakula alichopewa. Ni jaribio la kale, lilichapishwa 1948: vifaranga walioanguliwa waligawanywa kwa kura kwenye makundi sita, kila kundi likapewa nyongeza tofauti ya chakula, baada ya wiki sita wakapimwa. Agizo moja la wastani linakupa hivi: waliokula alizeti gramu 329, waliokula kazeini, yaani protini ya maziwa, gramu 324, unga wa nyama 277, soya 246, mbegu za kitani 219, na waliokula aina fulani ya maharage makubwa, gramu 160.

Uzito huo ni mdogo kwa kuku wa nyama wa leo, msicheke. Angalieni kitu kingine. Mfugaji anayeuza vyakula vya kuku ataona alizeti imeongoza na atakimbia kubandika tangazo. Lakini kila kundi hapo lilikuwa na vifaranga kati ya 10 na 14 tu, na ndani ya kundi moja kuna wakubwa na wadogo. Tofauti ya gramu 5 kati ya alizeti na kazeini ni ya kubahatisha tu, kesho ukirudia jaribio inaweza kugeuka. Tofauti kati ya alizeti na yale maharage si ya bahati. Ukichora grafu ya makundi yote sita unaiona kwa macho, na R inakupa hesabu ya kuithibitisha. Kujua tofauti ipi ya kuamini na ipi ya kupuuza ndiyo kazi yote. Muuzaji wa pembejeo anapokuambia dawa yake imeongeza mavuno gunia moja kwenye shamba darasa moja, hilo ndilo swali la kumuuliza.

Mtoto aliyefundishwa kwa mfano huu, halafu akaenda kwa shangazi yake mwenye kuku 40 akapima mwenyewe, hatasahau. Aliyefundishwa kanuni bila kuku atafaulu mtihani na atasahau kabla ya kuhitimu.

Tena hesabu hizi hazikuanzia kwenye kompyuta. Ronald Fisher, Mwingereza aliyejenga sehemu kubwa ya takwimu tunazotumia, aliajiriwa 1919 kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, ambako walikuwa na rekodi za mbolea na mavuno za miaka mingi na hakuna aliyejua azifanyie nini. R yenyewe ilikuja baadaye sana. Walioianzisha ni walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland huko Nyuzilandi, Ross Ihaka na Robert Gentleman, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakitaka kitu cha kufundishia wanafunzi wao. Tangu 1995 ni bure kwa kila mtu. Herufi R imetokana na majina yao ya kwanza, na pia kwa kufuata lugha iliyoitangulia iliyoitwa S. Kwa hiyo mzee wangu wa Vunta, herufi hiyo haitaki mbuzi. Anayetaka mbuzi ni mchapishaji wa kitabu.

Kuna jambo moja la kiufundi nitalisema kwa kirefu kidogo kwa sababu linawapoteza wanafunzi wengi na hakuna anayewaambia. Angalieni mwaka wa kitabu. Aprili 2020 lilitoka toleo la R namba 4.0.0, na ndani yake walibadili jambo dogo. Zamani ukiingiza jedwali lenye safu ya maneno, tuseme safu ya kata zenye Vunta, Bwambo na Mpinji, R iliyageuza maneno hayo kuwa makundi yenyewe bila kuulizwa. Tangu 2020 inayaacha yakiwa maneno mpaka uyaagize. Sasa mtoto ana kitabu cha 2012 alichopewa na kaka yake, kwenye kompyuta ana R mpya. Anaandika agizo kama lilivyo kitabuni, jibu linatoka tofauti. Anarudia mara tano. Anajiona mjinga, na anafunga kompyuta. Kumbe kitabu kimezeeka tu. Dawa yake ni agizo moja la kuigeuza safu iwe makundi, na mwalimu yeyote wa R analijua. Hata kile chembamba ninachokisifu ni cha 2017, kwa hiyo kijana anayekitumia ajue hilo mapema. Kitabu cha mkononi cha bei rahisi si kibaya, ila kikiwa cha kabla ya 2020 aambiwe.

Halafu Kiingereza. Vitabu vyote nilivyotaja ni vya Kiingereza, na vijana wetu wengi Kiingereza chao ni cha darasani. Sikubaliani na wanaosema basi wasubiri. Lugha ya vitabu hivi viwili ni nyepesi, sentensi fupi, na maneno yanayojirudia hayazidi kurasa mbili za daftari. Tena R haijali majina unayoyapa vitu vyako. Safu ukiiita mavuno, kata au bei_ya_kilo inakubali bila ubishi. Na kuna alama ya #: chochote kinachoandikwa baada yake kwenye mstari, R inakiruka. Hapo ndipo pa kuandika Kiswahili, au Chasu kama unataka. "Hapa natafuta wastani wa kila kata." Ninawashauri vijana kila agizo lifuatwe na mstari wa namna hiyo. Akishindwa kuueleza kwa Kiswahili, agizo hilo amelinakili, hajalielewa.

Kwa ambaye kuandika maagizo bado kunamtisha kuna R-Instat. Hii ni programu ya bure iliyotokana na kazi ya walimu wa hisabati na takwimu waliokuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu, Kenya, pamoja na wenzao wa Uingereza. Ndani yake ni R, ila mbele yako unaona vitufe vya kuchagua, na unaweza kutazama maagizo ya R yaliyotokana na ulichobonyeza. Imewekewa sehemu maalumu ya data za mvua na hali ya hewa. Kwa maafisa ugani wenzangu ningesema anzieni hapo. Kwa mtoto wa chuo ni ngazi ya kupandia tu, asije akaishi kwenye ngazi.

Wengine wameambiwa na watoto wao kwamba ni Python na si R. Hiyo ni lugha nyingine, nzuri pia, ya matumizi mengi zaidi. Usigombane na mwalimu. Mtoto ajifunze ile inayofundishwa chuoni kwake, kwa sababu hapo ndipo kuna mtu wa kumuuliza. Kipimo changu cha kitabu hakibadiliki.

Kuhusu vifaa. R haihitaji kompyuta mpya ya gharama. Kompyuta mpakato iliyotumika, inayofungua Excel bila kukwama, inatosha kujifunzia, na faili la kuisimika R ni dogo kuliko filamu moja. Linabebwa kwenye flashi. Ikishasimikwa inafanya kazi bila mtandao. Ila viongezi vyake, hasa vile vinavyotumiwa na R for Data Science, vinapakuliwa mtandaoni, kwa hiyo mtoto avipakue akiwa bado chuoni, kabla hajapanda basi la kurudi likizo. Nimeona kijana amefika Bwambo na kompyuta nzuri na kitabu, na mwezi mzima wa likizo ukapita kwa sababu ya kiongezi kimoja. Simu inafaa kusomea kitabu. Kufanyia mazoezi inachosha, usinunue simu kubwa kwa sababu hiyo.

Wafanyabiashara mmekaa kimya mkidhani haya si yenu. Wewe unayenunua tangawizi Mamba Myamba na kupeleka Dar es Salaam au Nairobi, una daftari. Tarehe, kilo, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, nauli, zilizooza. Misimu minne iko humo. Swali lako la kila mwaka ni kama inalipa kushikilia mzigo wiki sita ukisubiri bei ipande, ukitoa zinazonyauka na kuoza. Unalijibu kwa kukumbuka, na tunachokumbuka ni ule mwaka mmoja bei ilipopaa. Ile mingine mitatu tumeisahau. Hilo ni zoezi kamili la wiki ya kwanza kwa mtoto mwenye R, bora kuliko almasi zote za kitabuni, na jibu lake lina fedha ndani. Mpunga wa Ndungu ni vilevile: uza kwa kuvuna au weka ghalani. Siwaahidi jibu mtakalolipenda.

Kwa hiyo mtoto akipiga simu, muulize maswali matatu. Chuo kinatumia R ipi na mwalimu ametaja kitabu gani kwa jina. Kitabu hicho kiko maktaba au mtandaoni, maana pale SUA kuna maktaba ya taifa ya kilimo na kazi yake ni hiyo. Na swali la tatu, ambalo wengi wanalikwepa: utaanza na namba za nani? Akikosa jibu la tatu, mtumie picha za daftari lako kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Hiyo ndiyo nusu ya kitabu aliyokuwa anaikosa. Baada ya miezi miwili akikuonesha grafu ya maziwa ya ng'ombe wako, halafu akasema sasa amefika mahali anahitaji kitabu kikubwa, hapo mzungumzie mbuzi.

Mwenye daftari la mvua, maziwa, kuku au tangawizi, la angalau misimu miwili, aje nalo ofisi ya kata wakati wa likizo pamoja na mtoto wake. R ninayo kwenye flashi, na vile viongezi pia. Kompyuta ni moja, kwa hiyo njooni asubuhi, na namba mje mmeziandika kwa kalamu ya wino. Zilizoandikwa kwa penseli mwaka juzi nimeshindwa kuzisoma mara nyingi.